Je, mtumwa wa Mreno alipata nafuu kuliko mtumwa wa Mwingereza?

SWALI: Shikamoo mzee. Nafundisha historia kidato cha tano na cha sita huku Tanga. Darasani tumebishana. Mwanafunzi mmoja amesoma mahali kwamba Wareno na Wahispania walikuwa na utumwa wenye huruma kuliko Waingereza na Wamarekani, kwa kuwa Kanisa Katoliki lilikubali kwamba mtumwa ana roho. Ushahidi wake ni Brazil ya leo, ambako watu wamechanganyika. Mwingine akamjibu kwamba utumwa ni utumwa, hakuna cha kulinganisha. Nimwambie nani yuko sahihi?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Huyo wa pili usimkemee, ila mwambie kwamba kulinganisha si kusifu. Daktari akisema kipindupindu huua upesi kuliko kifua kikuu, hajakisifia kifua kikuu. Na huyo wa kwanza hakuota. Hoja yake ilienezwa na wasomi wakubwa: Gilberto Freyre wa Brazil tangu miaka ya 1930, na Frank Tannenbaum, aliyefundisha New York, mwaka 1946. Kwa muda iliaminiwa sana. Kisha watu wakafungua madaftari ya mashamba na vitabu vya ubatizo na mazishi, na hoja ikaanza kuvuja.

Tatizo liko kwenye neno lenyewe, nafuu. Nafuu ya nini? Mtumwa anaweza kuishi miaka mingi, akazaa na kuona wajukuu, na asiwe na njia hata moja ya kutoka utumwani. Mwingine akaishi kwenye mji ambao hati za uhuru zinaandikwa kila wiki, na bado akafa kwenye kinu cha miwa kabla hajaijua vizuri lugha ya bwana wake. Hayo ni mambo mawili, na mara nyingi yalikwenda kinyume.

Anza na hesabu. Andika ubaoni tarakimu nne tu. Meli ziliwashusha Waafrika wapatao 388,000 moja kwa moja katika nchi ambayo leo ni Marekani. Brazil ziliwashusha karibu milioni 4.8. Sasa ruka hadi mwishoni: sensa ya Marekani ya 1860 ilikuta watumwa karibu milioni 4, sensa ya Brazil ya 1872 ilikuta milioni 1.5. Hata ukiwaongeza weusi na machotara waliokwisha kuwa huru Brazil, kama milioni 4.2, jumla haifiki milioni 6. Waliopelekwa Marekani waliongezeka zaidi ya mara kumi. Waliopelekwa Brazil, waliokuwa mara kumi na mbili zaidi yao, karne tatu baadaye hesabu yao imesogea kidogo tu, tena wengi wa hao waliohesabiwa wana damu ya Kizungu na ya wenyeji wa asili wa Amerika ndani yao.

Hapo mwanafunzi mwerevu atasema: basi Mwingereza na Mmarekani ndio waliokuwa na huruma! Mpe Jamaica. Ilikuwa ya Mwingereza tangu 1655. Karibu Waafrika milioni moja walishushwa pale, baadhi wakauzwa tena kwenye makoloni ya Wahispania. Mwaka 1834, sheria ya kukomesha utumwa ilipoanza kazi, waliokuwa utumwani Jamaica walikuwa 311,000. Mfalme mmoja, dini moja, lugha moja: Virginia, koloni la Mwingereza katika Marekani ya leo, watu wanazaana, Jamaica wanakwisha. Bendera haielezi hilo. Kilichotofautiana ni miwa.

Wanafunzi wa Tanga wamezoea mkonge. Kazi ya miwa ya zamani inabidi uwaeleze. Muwa ukishakatwa hausubiri. Ndani ya siku moja au mbili maji yake yanachachuka, kwa hiyo msimu wa mavuno kinu kinasaga usiku na mchana, na wanaokilisha wanasinzia wamesimama. Katika vinu vingi shoka liliwekwa karibu na magogo ya kusagia, tayari kwa mkono utakaovutwa ndani: ama ukatwe mkono, ama aende mtu mzima. Kutoka hapo maji ya miwa huingia kwenye masufuria makubwa ya shaba yanayotokota, na mtu anayakoroga kwa upawa mrefu katikati ya mvuke. Bahia, kaskazini-mashariki mwa Brazil, msimu huo uliweza kula miezi minane hata tisa ya mwaka. Kwenye visiwa vya Karibi kulikuwa pia na kuchimba mashimo ya kupandia kwa jembe, gengi zima kwa mstari mmoja, mnyapara nyuma yao na mjeledi. Wanawake walichimba sawa na wanaume, wajawazito wakiwemo. Halafu tunashangaa watoto hawakuzaliwa.

Juu ya hayo, mwenye shamba alipiga hesabu ya dukani. Mtoto wa mtumwa atakula zaidi ya miaka kumi kabla ya kushika kazi ya mtu mzima, na mama yake kazi inapungua. Bandarini kuna meli, na ndani yake kuna vijana wa miaka ishirini. Kununua ni rahisi kuliko kulea. Ndiyo maana waliagiza wanaume wengi kuliko wanawake, na ndiyo maana huko Saint-Domingue, koloni la Ufaransa ambalo sasa ni Haiti, mwishoni mwa miaka ya 1780 waliingizwa zaidi ya watu 30,000 kila mwaka.

Ukitaka ushahidi wa kumaliza ubishi, nenda Louisiana. Hiyo ni Marekani, sheria za Marekani, karne ya 19. Lakini kusini mwake walilima miwa. Katika wilaya zile za miwa vifo vilizidi vizazi, wakati majirani zao wa pamba waliongezeka. Mashamba ya mpunga kwenye vinamasi vya South Carolina nayo yaliua sana, hasa watoto, kwa malaria na maji machafu. (Barbados inanisumbua kidogo hapa, nikiri. Ni miwa tupu, lakini kufikia mwanzoni mwa karne ya 19 watumwa wake walizaliwa wengi kuliko waliokufa. Kisiwa kilikuwa kimezeeka: karibu watumwa wote walikuwa wazalia wa palepale, wanawake wamezidi wanaume, na msitu mpya wa kufyeka haukuwepo tena. Kwa hiyo pamoja na zao, uliza pia koloni lina umri gani.)

Cuba inafundisha hilo hilo kwa upande wa Wakatoliki. Kwa karne mbili na zaidi ilikuwa koloni la ng'ombe, tumbaku na bandari ya Havana. Mtumwa wa hapo aliweza kudai apangiwe bei yake mwenyewe, kisha akailipa kidogo kidogo hadi ajikomboe. Wahispania waliita desturi hiyo coartación. Kama utafiti ungeishia mwaka 1750, mwanafunzi wako angeshinda. Lakini Agosti 1791 watumwa wa Saint-Domingue waliyachoma moto mashamba, sukari ikapanda bei duniani, na wenye mashamba wa Cuba wakakimbilia kuziba pengo. Sehemu kubwa ya Waafrika karibu 780,000 walioshushwa Cuba katika historia yake nzima waliingia baada ya hapo. Wakalazwa kwenye mabweni yanayofungwa kwa kufuli usiku kama magereza, na wakati wa mavuno wakafanya kazi saa kumi na sita na zaidi. Taji lilibaki la Hispania, na Kanisa lilikuwa lilelile. Coartación ikabaki, ila zaidi kwa watu wa mjini.

Waholanzi nao wana mfano wao. Suriname ilikuwa ya mashamba: walipeleka zaidi ya watu 200,000, na uhuru ulipotangazwa 1863 waliofunguliwa hawakufika 40,000. Watoro wa misituni walipigana hadi serikali ikatia saini mikataba ya amani nao, Wandyuka mwaka 1760 na Wasaramaka 1762. Curaçao, kisiwa kikavu cha biashara kisichofaa kwa mashamba, kilikuwa na weusi na machotara huru wengi kuliko watumwa hata kabla ya 1863. Ni Waholanzi walewale.

Sasa sheria, maana mwanafunzi wako anaiegemea. Kweli zilikuwepo. Wahispania walikuwa na sheria za karne ya 13 zilizomruhusu mtumwa kufunga ndoa. Ufaransa ilitoa Code Noir mwaka 1685 chini ya Louis XIV: mtumwa abatizwe, asifanyishwe kazi Jumapili, bwana asimtese wala kumkata kiungo. Sheria hiyohiyo iliagiza mtoro akatwe masikio na kupigwa chapa ya moto begani. Akirudia, akatwe mshipa wa nyuma ya goti. Mara ya tatu, auawe. Watu wengi hunukuu nusu ya kwanza tu.

Hata hiyo nusu ya kwanza, nani wa kuisimamia? Mwaka 1788, wilaya ya Plaisance kaskazini mwa Saint-Domingue, mwenye shamba la kahawa aitwaye Nicolas Lejeune alidhani watumwa wake wanawapa wenzao sumu. Akawaua wanne, akawachoma moto miguu wanawake wawili ili wakiri, na akatishia kumwua mtumwa yeyote atakayethubutu kwenda kushtaki. Watumwa kumi na wanne walikwenda. Fikiria safari ile, kutoka shambani mpaka kwa mahakimu wa mji wa Le Cap, wakiwa na silaha moja tu, yaani kuamini kwamba sheria ya mfalme inawahusu. Mahakimu walikwenda shambani na kuwakuta wale wanawake wamefungwa minyororo, miguu imeiva, bado wanapumua. Walikufa baadaye. Kasha lililodaiwa kuwa na sumu lilikuwa na tumbaku na mavi ya panya.

Gavana mwenyewe alitaka Lejeune aadhibiwe. Wenye mashamba wakaja juu: wakaandika barua, wakatishia, na mmoja akapendekeza wale kumi na wanne wachapwe viboko hamsini kila mmoja kwa kumshtaki bwana wao. Mahakama ikamwachilia Lejeune. Rufaa ikamwachilia tena. Ushahidi ulikuwa wazi kama jua, lakini mahakimu waliogopa kwamba wakimwadhibu mzungu mmoja kwa neno la mtumwa, kesho hakuna shamba. Miaka mitatu baadaye, jimbo hilohilo la kaskazini ndilo lililowaka kwanza.

Mwaka mmoja tu baada ya kesi hiyo, 1789, mfalme wa Hispania naye alitoa amri ya kuwalinda watumwa, viboko visizidi ishirini na vitano. Wenye mashamba wa Havana na Caracas wakapiga kelele, na 1794 amri ikasimamishwa. Upande wa Waingereza mambo yalikuwa na unafiki mdogo zaidi, kwa sababu wenye mashamba waliketi bungeni kwenye makoloni na kujitungia sheria wenyewe. Virginia mwaka 1669 waliandika kwamba bwana akimwua mtumwa wake wakati wa kumwadhibu si kosa la jinai, kwa maelezo kwamba hakuna mtu anayeharibu mali yake kwa makusudi. Yaliyofanyika Saint-Domingue kinyume cha sheria, Virginia yalikuwa ndiyo sheria.

Mahali ambapo mwanafunzi wako ana hoja ya kweli ni kwenye mlango wa kutokea. Huo ulikuwa mpana zaidi Brazil, na tofauti ni kubwa mno kuipuuza. Mwaka 1860, katika majimbo ya kusini ya Marekani, huru walikuwa takriban 6 katika kila watu weusi 100. Brazil 1872, karibu robo tatu ya weusi na machotara walikuwa huru. Virginia mwaka 1691 iliagiza kwamba mtumwa anayeachwa huru aondolewe kwenye koloni. Mjini Salvador, huko Bahia, mtumwa aliyeachwa huru alifungua genge la kuuza vyakula mtaa uleule.

Waliutokaje? Hapa Waswahili tuna neno tayari. Salvador na Rio de Janeiro kulikuwa na watumwa waliotumwa mjini kujitafutia kazi: kubeba mizigo, kuuza matunda, kushona, kunyoa. Jioni au mwisho wa juma wanampelekea bwana kiasi walichopatana, kinachozidi ni chao. Hao ni vibarua kwa maana yake ya kwanza kabisa, kama walivyokuwa Unguja karne ya 19, mtumwa anakodishwa kwa kijibarua na ujira wanagawana na bwana. Senti hizo zilikusanywa miaka kumi, kumi na tano, mara nyingi kwa msaada wa vyama vya kanisani vya watu weusi, vile vya Bibi Yetu wa Rozari. Waliofaulu wengi walikuwa wa mjini, wanawake kuliko wanaume, wazalia kuliko wageni. Mkata miwa hakuwa na genge wala wateja. Na hati yenyewe ilikuwa na mwiba: hadi 1871 bwana aliweza kuifuta kwa kudai kwamba aliyeachwa huru amekosa shukrani.

Huo uhuru wa kuzunguka mjini ulizaa na mengine. Usiku wa kuamkia tarehe 25 Januari 1835, mwezi wa Ramadhani, Waislamu wa Kiyoruba na Kihausa wa Salvador, watumwa na walioachwa huru pamoja, walitoka na mapanga, hirizi za Kiarabu shingoni. Walishindwa kabla ya jua kuwa kali. Serikali ikawafukuza mamia ya Waafrika huru kuwarudisha Afrika Magharibi. Mlango ulikuwa mpana, lakini bawabu alikuwa na bunduki.

Marekani mlango ulifungwa na dari likashuka. Baada ya 1808 kuingiza watumwa kutoka nje kulipigwa marufuku, wakati pamba inapanda, kwa hiyo tumbo la mwanamke likawa mtaji. Thomas Jefferson, rais mstaafu wa Marekani, aliandika 1820, bila haya, kwamba mwanamke anayezaa kila baada ya miaka miwili ana faida kuliko mwanamume bora wa shamba. Kwa hiyo ile milioni 4 usiisome kama kipimo cha huruma. Watu wapatao milioni moja walihamishwa kutoka Virginia, Maryland na jirani zao kwenda kwenye pamba ya kusini kati ya 1790 na 1860, wengi kwa kuuzwa, mke huku, mume kule. Familia zilikuwepo ili ziweze kuvunjwa. Jamaica hazikupewa hata nafasi hiyo.

Darasa lako la pwani litauliza, na sisi? Usikwepe. Mwaka 1776 Mfaransa Jean-Vincent Morice alipatana na Sultani wa Kilwa apewe watumwa 1,000 kila mwaka, kwa ajili ya Île de France, yaani Mauritius. Walioondoka Kilwa kwa meli hizo waliingia chini ya sheria ya Kifaransa ya 1723, kali kuliko ile ya 1685: ilikataza kabisa mzungu kumwoa mweusi. Wamakua wa Msumbiji nao waliishia Rio, hasa baada ya mikataba ya 1815 na 1817, pale Mreno alipokubali kuacha biashara ya watumwa kaskazini mwa ikweta na wafanyabiashara wa Rio wakaongeza safari za Quelimane na Kisiwa cha Msumbiji.

Na Unguja ya Busaidi, yaani ya masultani wenye asili ya Oman? Si koloni la Mzungu, lakini kwa jambo moja inafaa kuwekwa mezani. Virginia 1662 walitunga sheria kwamba mtoto hufuata hali ya mama. Watoto aliozaa Sally Hemings, ambao wanahistoria wengi wanakubali baba yao ni Jefferson, walizaliwa watumwa wa rais. Kwa sheria ya Kiislamu, mtoto wa suria anayekubaliwa na baba ni huru tangu kuzaliwa na anarithi. Majid na Barghash, masultani wa Unguja, wote walizaliwa na masuria. Tofauti ni kubwa. Lakini suria alikuwa wa nyumbani. Wakati huohuo, miaka ya 1860, Kilwa ilisafirisha karibu watu 20,000 kwa mwaka, wengi wakielekea Unguja, na sehemu yao waliishia kwenye mikarafuu ya Unguja na Pemba. Shamba linalohitaji watu wapya kila mwaka linajieleza lenyewe, liwe la Mreno au la Mwarabu.

Limebaki la kuchanganyika. Mpe mwanafunzi wako maisha ya Luís Gama. Alizaliwa Salvador mwaka 1830, mama yake Mwafrika aliyekwisha kuwa huru, baba mzungu wa ukoo wa Kireno wenye jina. Kwa hiyo kwa sheria mtoto alikuwa huru. Mwaka 1840, akiwa na miaka kumi, baba yake alikuwa na madeni, akampeleka melini na kumwuza. Gama alisafirishwa kusini hadi São Paulo, akajifunza kusoma akiwa na miaka kumi na saba, akapata ushahidi kwamba alizaliwa huru na akaondoka kwa bwana wake. Chuo cha sheria kilimkataa, akasoma mwenyewe na kupata kibali cha kusimama mahakamani. Silaha yake ilikuwa sheria ya tarehe 7 Novemba 1831, iliyosema kila Mwafrika atakayeingizwa Brazil baada ya siku hiyo ni huru. Sheria hiyo ilitungwa ili kuwaridhisha Waingereza, na kila mtu alijua haitafuatwa: mamia ya maelfu waliingizwa baadaye na kushikwa kama kawaida. Gama aliichukua kama ilivyoandikwa, akawatoa utumwani watu zaidi ya 500. Alikufa 1882, miaka sita kabla ya utumwa kukomeshwa Brazil, tarehe 13 Mei 1888. Jina la baba yake hakulitaja kamwe.